Nne kwa Tatu

Kuna watu Kashikishi wanaosema kuwa mimi ndiye niliyevunja ndoa ya mdogo wangu, na kwamba niliivunja kwa rimoti ya televisheni. Sijawahi kukana. Ningekuwa na muhuri ningewagongea, waende na maneno yao nyumbani yakiwa halali. Ninachokataa ni jinsi wanavyoisimulia, maana wao huanzia mwisho, pale nilipotia mkono katika mfuko wa mtu mzima mbele za watu, na hadithi ikianzia hapo hata mimi najiona sina adabu. Acha niianze mahali pake.

Televisheni ilikuwa ya shemeji, kaka mkubwa wa mume wa mdogo wangu. Alikuwa Mkongomani aliyehamia upande wetu wa Zambia, akajenga nyumba ya bati nyuma ya soko la Kashikishi, hapa Nchelenge, na kazi yake ilikuwa kuvusha samaki wakavu na bidhaa kati yetu na Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Vita vilipoanza tena Kongo, mzungu mmoja wa migodini Lubumbashi alifungasha na kuuza vyombo vyake haraka haraka, na shemeji akaangukia televisheni. Ilivuka ziwa imeviringishwa godoro, ikashushwa mchangani na wanaume wanne waliokuwa wakitukanana kwa Kibemba na Kiswahili kwa sababu ya uzito wake. Ilipofunguliwa tulibaki kuitazama tu. Kimo chake kilikuwa cha televisheni yoyote, lakini kwa upana ilitanuka kama meza ya harusi.

Niliitwa kwa sababu ya kitabu. Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la nne, na Kiingereza nilikisoma bila kukwama. Kitabu cha maelezo kilikuwa na lugha nne za wazungu. Shemeji alisema Kifaransa kizuri sana akiwa mbele ya maofisa wa mpakani, ila kukisoma lilikuwa jambo lingine, na hilo hakumwambia mtu. Alituma ujumbe kuwa miwani yake imebaki Kilwa. Hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake.

Nikakaa sebuleni kwake, jenereta ikinguruma uani, nikasoma. Kitabu kilieleza kuwa picha nyingi za siku zile zilitengenezwa kwa umbo karibu na mraba, nne kwenda upande kwa tatu kwenda juu, na televisheni hii ilikuwa pana kuliko picha hizo. Basi mwenyewe uchague. Uiache picha na umbo lake, na pembeni kushoto na kulia kubaki nafasi nyeusi. Au uivute ijae kioo chote. Au uikuze, ijae kioo lakini ikatwe juu na chini. Kwenye rimoti kulikuwa na kitufe chenye kisanduku kidogo kilichochorwa mishale pembeni, na kila ukikibonyeza umbo lilibadilika. Nikaweka kaseti ya mpira kwenye deki, nikabonyeza mpaka kioo kikaandika nne kwa tatu. Mpira ukawa mviringo. Nikajisikia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Hii nyeusi ni ya nini?" shemeji akauliza.

"Ni nafasi inabakia, shemeji. Picha yenyewe haifike kule."

"Muzungu hakuniambia kama kuko nafasi inabakia. Miye nililipa televizyo yote, na wewe unanipatia nusu. Jaza."

"Nikijaza, batu banapanuka."

"Bapanuke," alisema. "Kupanuka ni mubaya?"

Nikajaza. Wachezaji wakawa kama makabati yenye miguu, mpira ukawa papai, na sebule nzima ikaridhika.

Ili mtu wa mbali anielewe, lazima nieleze kitu kimoja cha kwetu. Kando ya ziwa hili unene ni habari njema. Ukirudi safarini, salamu ya kwanza ni kwamba umenenepa, nawe unashukuru. Ukirudi umekonda, watu wanauliza nani amekula chakula chako. Mwanamke aliyeolewa akanenepa amemsifu mume wake bila kufungua kinywa, na akikonda, ukoo mzima wa mume una swali la kujibu. Sasa fikiria mashine inayomnenepesha kila aliyeko ndani yake bila kutumia hata kijiko cha mafuta. Jumapili watu walikuja kwa shemeji kwa ajili ya hilo. Kina mama wa kwaya walikuja kujitazama katika kaseti ya ubatizo, wakarudi makwao wakitembea kama wake wa mawaziri. Na shemeji mwenyewe, ambaye alikuwa mrefu na mwembamba kama upondo wa mtumbwi, alikuwa na kipande chake katika kaseti ile, anapita kanisani akiwa na shati jeupe. Kipande hicho alikirudisha nyuma mara nyingi kuliko mahubiri.

Mimi nikaacha. Nilijiambia kwamba televisheni si yangu, unene si wangu, na duara nitaendelea kuwafundisha watoto shuleni. Kama kuna kosa langu katika hadithi hii, ni hilo, na hao wanaonisema barabarani hawajawahi kuligusa.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Kilwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Aliondoka nyumbani akiwa na mikono iliyojaza mikono ya gauni. Mwanzoni barua zilikuja na wachuuzi, kisha vita vikatanda na barua zikakatika. Tulisikia mume wake amekwenda Lubumbashi kutafuta bidhaa na kwamba hajarudi. Halafu siku moja mama mmoja anayevusha chumvi aliingia uani kwetu, akakataa maji aliyopewa mpaka aseme kwanza.

"Mama," akamwambia mama yangu, "ule mutoto wako amekwisha. Amebakia mifupa tu. Banamutwangisha mihogo ya batu kumi, na yee anakula kama kunabakia."

Mama alitaka kuvuka siku ileile. Yeye ni mzaliwa wa Kilwa, njia hakuhitaji kuonyeshwa. Lakini kwetu huendi kumchukua binti kwenye ndoa yake kama ndoo uliyomwachia jirani. Lazima kuwe na kosa linaloonekana kwa macho, na watu wa mume walione pamoja nawe. Bila hivyo umemwiba. Atarudi nyumbani bila uso, na hakuna mtu mwingine atakayekuja kumposa. Neno la mwuza chumvi halihesabiwi kuwa ni kuona. Na upande huu wa ziwa mkubwa wa ukoo ule alikuwa shemeji, kwa hiyo mama akaenda kwake, akamwambia kila alichosikia.

Shemeji aliumia kweli, niliona. "Kwetu muke hakonde, mama," alisema. "Miye mwenyewe nitakuletea ushahidi."

Ushahidi wake ulikuwa kaseti. Alikuwa anavuka wiki ile na mizigo, na Kilwa kulikuwa na mtu anayepiga video za harusi. Wakapatana, yeye na mama, mbele ya kiongozi wa kina mama wa kanisa. Mama angemtazama mtoto wake katika video. Akimkuta na afya, angefunga mdomo na kuacha kuisema vibaya nyumba ya watu. Akimkuta amekwisha, shemeji angetupeleka kwa boti yake kumchukua, na hakuna mtu wa ukoo wake ambaye angefungua kinywa.

"Nionyeshe mwili wake tu," mama alisema. "Maneno nimeshiba."

Jumapili iliyofuata shemeji alirudi. Baada ya ibada tulikwenda kwake, mapazia yakashushwa ili mwanga usiharibu picha, jenereta ikawashwa. Mama alipewa kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma yake mkekani, na kina mama wa kanisa walijaa mpaka mlangoni.

Ikaja picha ya ua uliofagiwa. Nyuma kulikuwa na ukuta wa tofali na ungo umetundikwa. Mbele, juu ya kiti kidogo, alikuwa amekaa mdogo wangu, na nyuma yake alisimama shemeji na shati lake jeupe, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti kama baba katika picha za studio. Mdogo wangu alikuwa na uso uliojaa. Mashavu yalikuwepo. Mikono ilikuwepo. Alikuwa amejifunika kitenge mabegani.

"Mama, jambo yenu," alisema. "Miye niko muzuri. Musihangaike. Bananichunga muzuri."

Kisha, huku macho yake yakiwa bado kwetu, alikishusha kile kitenge mabegani, akakikunja, akakiweka magotini, akakaa na mabega wazi juani.

"Mumuone," mama akasema, "anajionyesha." Akasimama. Mama yangu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anakula matonge matatu ya bukari, ugali wa kwetu, na kusukuma sahani, alisimama akacheza, na goti lake bovu, mbele ya kioo, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi pia. Hili nataka lijulikane wazi kuliko la rimoti. Niliijua mashine ile kuliko mtu yeyote mle ndani, kidole changu ndicho kilichoijaza, na bado nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwa wiki nyingi anionyeshe mdogo wangu amenenepa, na huyo hapo, amenenepa. Nani angepekua?

Shemeji aliagiza soda. Wakaja waliochelewa, na kwa ajili yao akairudisha kaseti mwanzo.

Mara ya pili furaha ilikuwa imepoa, na macho yangu yakarudi kazini. Macho ya mwalimu ni ugonjwa. Kutwa nzima nasahihisha maduara ya watoto, naona tumbo la duara likitoka hata nikiwa njiani. Niliuona ule ungo ukutani. Ulikuwa umelala upande kama yai. Nyuma, mtu akapita akisukuma baiskeli, na magurudumu yake yalikuwa mayai mawili. Nilimtazama tena mdogo wangu, na safari hii sikutazama mashavu, nilijaribu kuhesabu ni kiasi gani kati ya mashavu yale kilikuwa cha kwake na kiasi gani cha kioo.

"Shemeji," nilisema, "naomba telekomande."

"Ya nini?"

"Nirudishe picha mu umbo yake."

"Umbo yake njo hii."

Kwetu mwanamke hampokei mkubwa wa mume wa ndugu yake kitu kwa mkono mmoja, sembuse kumdai. Nilikuwa nampigia magoti tangu siku ya mahari. Nilipiga goti na siku ile, nikaomba tena kwa mikono miwili. Shemeji akaitia rimoti katika mfuko wa shati, akawageukia wageni.

"Mwalimu huyu," aliwaambia, "kufurahi kumemushinda."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa na soda mikononi na siku ilikuwa nzuri. Lakini mama yangu alicheka nao, na hicho ndicho kilichonisimamisha. Kama kicheko kile kingeachwa kiishe chenyewe, mapatano yangekuwa yamefungwa. Mdogo wangu angebaki Kilwa akitwanga mihogo, na sisi tungerudi nyumbani tukiimba.

"Sawa," nilisema. "Ule mutu anasimama nyuma ya mudogo yangu ni nani?"

Hakuna aliyeona ninakokwenda. "Si shemeji," mtu akajibu.

"Na huyu wa hapa ni nani?"

"Ni yeye."

"Shemeji, nakuomba usimame karibu na televizyo. Tuwaone bote babili."

Hakutaka, lakini mtu anayependa kutazamwa hawezi kukataa kusimama. Akaenda, akasimama kando ya kioo. Ndani ya kioo kulikuwa na mwanamume mwenye kifua cha mlango, shati jeupe limembana kwa kushiba. Nje ya kioo, nusu hatua tu, alisimama mwanamume yuleyule na shati lilelile, na shati lilikuwa limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Kiongozi wa kina mama wa kanisa, mtu mzito asiyecheka ovyo, alisema taratibu, "Awe, mukwai," yaani hapana jamani, akajaribu kujiziba kwa kitambaa cha kichwa, akashindwa. Kicheko chake kikaambukiza chumba chote. Hata waliokuwa mlangoni waliomba wasogezewe waone.

"Yeye hakukula kitu na amepanuka vile," nilisema. "Na mudogo yangu amepanuka kiasi gani?"

Kicheko kilikatika mara moja, na hapo ndipo nilipotia mkono katika mfuko wa shati la mkubwa wangu na kutoa rimoti. Ndiyo, nilifanya. Mbele ya kanisa, bila goti, kwa mkono mmoja. Wanaposema nilifanya wanasema kweli, na ningeambiwa nifanye tena leo ningefanya kabla hawajamaliza kuniambia.

Nilibonyeza mara ya kwanza, picha ikakua, ikakatwa juu na chini. Tukaona shati lisilo na kichwa, na mbele yake mdogo wangu asiye na miguu. Mama mmoja alifunga macho. Nilibonyeza mara ya pili, kioo kikaandika nne kwa tatu, weusi ukaingia kutoka pande zote mbili, na katikati akabaki mdogo wangu.

Ungo ukutani ukawa mviringo. Shingo ya mdogo wangu ikawa na kamba mbili. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama, na kati yake na shingo kulikuwa na mashimo ya kuhifadhia maji. Pete ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi ili isidondoke kidoleni. Mtu akairudisha kaseti mwanzo, na kinywa chake kikasema tena kwamba yuko muzuri, kwamba tusihangaike, na mikono yake ikakishusha kile kitenge. Sasa hakuna aliyesema anajionyesha kwa maringo. Alikuwa anatuonyesha alichopata nafasi ya kutuonyesha, huku mkubwa wa ukoo amesimama nyuma yake.

"Hiyo kitufe yako njo inamukondesha," shemeji alisema. Hakupaza sauti. "Ukifinya vile, kila mutu anakonda."

"Wewe haukukonda, shemeji. Jiangalie. Pale uko sawa na hapa."

Akajitazama. Akatazama mkono wake, akatazama mkono ule wa kwenye kioo. Mama alikuwa amekwisha kukisogelea kioo, ameinama, pua yake karibu kugusa. Alizungumza bila kugeuka.

"Mukwe wangu, wewe ulikuwa karibu yake. Ulimuona na macho yako. Haukuona?"

Nilidhani shemeji atakuja na hasira. "Niliona," alisema. "Nikasema labda ni macho yangu, nilichoka na njia. Nilipofika hapa nikamuangalia mu televizyo, nikaona amenenepa. Nikafurahi."

Wengine mpaka leo hawaamini jibu lile, wanasema alijua tangu Kilwa. Mimi naliamini nusu. Mtu aliyejitazama kila Jumapili akiwa na kifua cha mlango hatimaye huacha kuamini kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Na mimi niliyemwita mwongo moyoni mwangu nilikuwa nimepiga vigelegele sebuleni mwake nusu saa tu kabla yake.

"Tunaenda lini?" mama akauliza.

"Kesho asubuhi."

Alitimiza neno lake, na hilo nalisema kwa sababu watu wanaonisema mimi husahau kumsifu yeye. Alitoa boti, akatoa mafuta, na tulipofika Kilwa aliingia mwenyewe ndani ya ua ule, akawaambia ndugu zake maneno machache, akatoka. Hakuna aliyefungua kinywa. Mume hakuwepo. Mdogo wangu alitoka akiwa na kifurushi ambacho kilikuwa kimefungwa siku nyingi, mafundo yake yalikuwa yameshika vumbi.

Kurudi, maji ya kwetu yalikuwa mafupi na boti haikufika mchangani. Nikashuka, nikageuka, nikampa mgongo apande, kama nilivyombeba tulipokuwa wadogo. Nilijiandaa kwa uzito wa mtu mzima, nikakaza magoti, akapanda, na nusura nianguke kifudifudi kwa sababu uzito haukuja. Nilitembea naye mpaka nchi kavu nikilia waziwazi, na wachuuzi wa samaki walinitazama, nikawaacha wanitazame.

Ndoa ilikwisha hapo. Mume aliporudi kutoka Lubumbashi alituma maneno, kisha akaacha kutuma. Ukoo wao ukasema kuwa nimewaaibisha. Shuleni mwenzangu mmoja aliniambia kwa upole kwamba ningeweza kumnong'oneza shemeji pembeni, baada ya wageni kuondoka, kwa heshima. Nilimwuliza ni heshima ya nani. Mapatano yalifungwa mbele za watu, vigelegele vilipigwa mbele za watu, na mama yangu alikuwa amekwisha kukubali mbele za watu. Ungemnong'oneza nani pembeni, baada ya hapo? Adabu niliyofundishwa ninayo, nampigia shemeji magoti mpaka leo nikikutana naye sokoni, naye anaitikia. Lakini adabu inayomwacha mtu afe njaa ili shati la mtu mwingine lijae, hiyo sikufundishwa nyumbani kwetu, na waliofundishwa makwao wakae nayo.

Televisheni, kwa taarifa ya wanaouliza, ilirudishwa kwenye kujaa Jumapili iliyofuata. Watu waliendelea kwenda kupanuka. Sikuwalaumu, ila sikwenda tena.

Mdogo wangu alichukua miezi mitatu kurudi mwilini mwake. Alikula kwa ratiba, kama mtu anayejenga ukuta. Asubuhi moja tulikuwa uani sote watatu. Mimi nilikuwa nageuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walioanikwa kwenye mkeka, mama alikuwa anamenya mihogo, na yeye alikuwa anakula karanga akitupa maganda chini ya kigoda. Akaniita Yaya, ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, ile siku ya kamera shemeji alinipatia maneno ya kusema. Nikakubali. Niliwaza, kinywa ni yao, baseme nayo. Lakini mama akiniona tu, atakuja." Akatafuna. "Na mama aliniona."

Niliendelea kugeuza samaki. Nilikuwa nimekwisha kuamua, siku nyingi, kwamba hili la vigelegele hatalisikia kutoka kwangu, na kwamba akiishi na imani hiyo mpaka uzeeni hakuna atakayepungukiwa. Nikasikia kisu cha mama kinawekwa juu ya sahani.

"Nilikuona, mwanangu," mama alisema. "Nikasimama, nikacheza."